Leso Juu ya Televisheni

Mpwa wangu ana saluni ya mlango mmoja Kawangware, upande wa Gatina. Simu yake huegemezwa kwenye mkebe wa mafuta ya nywele tangu afungue mpaka afunge, naye husuka jicho moja likiwa kichwani kwa mteja na jingine kwenye filamu. Jioni moja mwezi wa pili mwaka huu ilikuwa zamu ya Mardaani, ile ya 2014 ambamo Rani Mukerji ni afisa wa polisi anayewasaka watu wanaouza wasichana. Alikuwa amefika patamu aliposikia kishindo. Akadhani ni cha kwenye simu. Kumbe ni nje: vijana watatu walikuwa wamepindua meza ya mama mzee wa nyanya aliye mkabala na saluni, na mmoja wao akamzaba kofi lililomkalisha chini katikati ya nyanya zake.

Kosa la mama huyo ni kwamba hakuwa na hamsini ya jioni. Kila kibanda cha safu ile hutoa hamsini "ya usalama", na vijana wanaoikusanya hawaoni haya kusema nani yuko nyuma yao. "Mheshimiwa anatujua," husema. Hakuna anayeuliza mheshimiwa yupi.

Usiku mpwa wangu akanipigia. "Anko, niliona yote. Na aliyempiga namjua sura. Niende niandikishe?"

Nilimjibu kabla sijafikiri. "Funga mlango, endelea na kusuka. Hiyo si yetu."

Alinyamaza kidogo, akasema sawa, akakata. Nikabaki na simu mkononi kama mtu aliyesikia sauti ya baba yake ikitoka kinywani mwake. Maneno yale hayakuwa yangu. Niliyaokota njiani, na karibu kila mahali nilipoyaokota napakumbuka.

Nimekulia Makina, Kibera, kwa Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles na wakapewa msitu ule na Waingereza; kibra kwao ni msitu, na mtaa ukabaki na jina ingawa miti yenyewe haikubaki. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 12, na raha yangu yote ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya kinyozi. Tulikiita video tu. Mlango wake ulikuwa blanketi. Ndani palikuwa na mbao zilizolazwa juu ya mawe, na mbele kabisa televisheni ndogo isiyo na rangi, na deki iliyofunikwa kitambaa kama mgonjwa. Mchana shilingi mbili, usiku tano. Tuliokosa tulichungulia kwenye matundu ya misumari hadi mwenye video atumwagie maji.

Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi. Za Kichina hazikuhitaji maneno: mtu anapigwa, anakwenda mlimani kujifunza, anarudi kupiga. Za Kihindi zilihitaji mtu, nasi tulikuwa naye. Mchana alisukuma mkokoteni soko la Toi, jioni alikaa kando ya televisheni na fimbo, akatutafsiria. Aliwahi kufanya kazi dukani kwa Mhindi huko Ngara, na Kihindi chote alichotoka nacho kilikuwa cha kuamrishwa: chalo, jaldi, na labda maneno mengine mawili. Kwa mtaji huo alitafsiri filamu nzima za saa tatu bila kusita. Leo DJ Afro amejenga jina nchi nzima kwa kazi ya aina hiyo, na anastahili, lakini mimi nitaendelea kuamini kwamba mwanzilishi alikuwa mtu wa mkokoteni wa Makina. Nyimbo hatukuziona. Mwenye video alizirusha mbele, kwa kuwa jenereta ilikunywa petroli na wimbo mmoja wa mapenzi bustanini ulikuwa hasara tupu.

Jumamosi moja ubao ukaandikwa kwa chaki: PRATIGAT. Kwamba jina lenyewe ni Pratighaat, kwamba ilitoka 1987 ikiongozwa na N. Chandra, kwamba ilikuwa marudio ya filamu ya Kitelugu ya 1985, hayo nimeyajua ukubwani. Siku ile tulijua tu kuwa kuna mwalimu wa chuo, aliyeigizwa na Sujata Mehta, anayekataa kufumbia macho uhalifu wa jambazi mmoja mtaani kwao. Jambazi huyo anapanda ngazi ya siasa, na jina lake ni Kali. Hata halikuhitaji mkalimani.

"Huyu Kali," akasema mtu wa mkokoteni akigonga kioo kwa fimbo, "ni yuthi." Kibanda kizima kikaguna kwa kuelewa. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria, na vijana wa chama ndio waliokusanya ada sokoni na steji, ndio walioamua nani aweke kibanda wapi. Tulikuwa nao wengi wa kufananisha. Pale alipotokea Nana Patekar, aliyekuwa askari mwaminifu akarukwa na akili na sasa anazurura akipiga kelele za ukweli, tukacheka, maana na huyo tulikuwa naye. Kila mtaa unaye mmoja.

Kisha ikafika ile sehemu. Kali anamburuta Mwalimu nje, mbele ya watu wa mtaa wake, na kumvua nguo. Watu wanatazama. Hakuna anayethubutu.

Ndani ya kibanda mtu alipiga mluzi. Wawili watatu wakacheka. Mtu wa mkokoteni, ambaye hakukosa neno hata farasi alipopiga chafya, alikaa kimya. Hapo mlangoni alizoea kuketi mama mmoja wa njugu, aliyelipiwa kiingilio kwa pakiti mbili za njugu na ambaye sikuwahi kumwona akitazama filamu yoyote; alikuwa akihesabu senti. Aliinuka, akapita katikati ya magoti ya wanaume, akafungua leso iliyokuwa kiunoni, akaitandaza juu ya televisheni.

Sauti iliendelea chini ya leso. "Mama, toa!" wakapiga kelele. "Tumelipa!" Mtu akarusha kigunzi cha mahindi. Yeye aliwageukia akasimama pale, mikono imefumbatwa, kama mtu anayengoja matatu. Hakujibu lolote. Alisikiliza mpaka kilio kikaisha, akaitoa leso, akaikung'uta, akajifunga, akarudi kwenye njugu zake. Mtu wa mkokoteni akakohoa. "Sasa," akasema, "Mwalimu amekasirika."

Mwisho wake anaujua kila aliyeiona. Mwalimu anapanda jukwaani kwenye mkutano wa kumshangilia Kali, anamvisha shada la maua, halafu shoka. Kwetu damu ilikuwa nyeusi kwa sababu ya televisheni, na kibanda kililipuka hata mabati yakatetemeka. Kwa miaka mingi niliamini shilingi zangu mbili zilinunua lile shoka.

Miezi michache baadaye, Machi 3, 1992, mama alirudi kutoka kazini macho mekundu. Alikuwa akifagia ofisi kule Community, na alikwenda na kurudi kwa miguu. Tangu mwisho wa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa Uhuru Park wakigoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi, alikuwa mmoja wao, na Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Siku hiyo polisi waliwavamia kwa virungu na moshi wa kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Mama alipita kando ya moshi huo.

Alinawa uso kwenye beseni muda mrefu. Halafu akasema, kama anayeongea na maji, "Wamama wamevuliwa..." akajirekebisha, "Wamama wamevua nguo."

Nami, kichwa changu kikiwa bado kwenye video, nikauliza, "Nani aliwavua?"

"Hakuna. Wamejivua wenyewe."

Sikuelewa, na hakunifafanulia. Mtoto wa kiume wa miaka 12 hafafanuliwi jambo hilo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba katika jamii nyingi za Kenya uchi wa mama mzee ni laana anayoitoa mwenyewe, na askari waliokuwa na virungu walilijua hilo tangu utotoni kwao. Muthoni Nyanjiru alikuwa amefanya vivyo hivyo Machi 1922, miaka 70 kamili kabla yake, mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi alikokuwa amefungiwa mwanaharakati Harry Thuku, alipoona wanaume wanataka kutawanyika. Risasi zilimuua pamoja na wengine. Akina mama wa 1992 walihamia kanisa kuu la All Saints wakakaa humo karibu mwaka mzima, na kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wana wao wote walikuwa wameachiliwa.

Kali alichukua nguo za Mwalimu akiamini amechukua kila kitu. Wale wazee wa Uhuru Park waliivua silaha hiyo mikononi mwa mwenye kirungu kabla hajaitumia. Hakuna filamu ya Mumbai niliyoiona iliyothubutu kufikiria hivyo. Na jambo jingine lililonichukua miaka kuliona: walikuwa wengi. Ukimwuliza mtu mtaani leo, atamtaja Maathai peke yake, kwa kuwa tumezoea akta mmoja kwa filamu moja.

Mwaka 1996 tulihamia Kawangware, na 1999 nikawa makanga wa 46, mjini hadi Kawangware kupitia Valley Road na Yaya. Haya ninayoyasema sasa nimeyakwepa miaka mingi. Jumamosi moja alasiri, kwenye steji moja katikati ya mji, kundi la wanaume lilimzingira msichana kwa sababu ya sketi. Nilikuwa mlangoni, nimeng'ang'ania paa, gari limebakiza viti viwili. Niliona mkono wa kwanza ukishika kitambaa. Nilisikia kikiraruka, sauti ndogo, kama ya mtu anayefungua bahasha.

Dereva akaniangalia kwenye kioo. "Piga mlango twende. Hiyo si yetu."

Nikavuta mlango. Kisha, na hapa ndipo sijielewi mpaka leo, nikanyoosha mkono nikafunga na dirisha. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi hapo karibu akaniuliza, "Kijana, mbona umefunga dirisha na joto lote hili?"

"Vumbi, mathe," nikamwambia.

Hakunijibu. Alipofika Kawangware alishuka bila kudai chenji yake, shilingi kumi. Nilimwita, hakugeuka. Sijui kama aliona nilichokiona. Zile kumi zilinilemea kuliko nauli zote nilizowahi kuficha kwenye soksi, lakini nilizila.

Ya 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, nitayapitia haraka. Ploti yetu ilikuwa na vyumba 14 na lango moja la mabati, na wiki ile ya kwanza ya Januari lango halikuzuia kitu. Walikuja usiku wakiwa na mapanga wakidai vitambulisho. Yaliyomfika mama wa chumba cha mwisho sitayaandika. Ni yake, na hajanipa ruhusa. Baadaye walikuja watu wenye daftari wakiuliza nani aliona nini. Tuliwajibu kwa sauti moja kwamba tulikuwa tumelala. Vyumba 14, kelele zile zote, na ploti nzima eti ilikuwa na usingizi mzito.

Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Lakini kilichonirudisha kwenye usiku ule ni hukumu iliyotolewa Desemba 2020. Watu wanane waliodhulumiwa kingono katika ghasia hizo walikuwa wameishtaki serikali tangu 2013, na baada ya miaka saba Mahakama Kuu ikaamua wanne kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Nilimsomea mama habari hiyo gazetini. Alikuwa akichambua sukuma wiki. Hakuuliza kuhusu pesa, wala kuhusu serikali.

"Majirani zao," akauliza, "walikwenda kusema?"

Nikamwambia gazeti halijaandika hilo. Akaendelea kuchambua.

Wenzangu wakinisikia nikisifu filamu hizi hunikumbusha kwamba ufisadi wa kwetu hauna Kali. Ni kweli, na ndiyo kasoro yangu kubwa na filamu hizo. Mwovu wake ana sharubu, ana gari jeupe, anacheka peke yake, na ukimpata jukwaani una mahali pa kulenga shoka. Binamu yangu alipata kibarua mwaka 2014 mradi wa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, ulipofika Kibera, akazibua mitaro, akajenga vyoo, akavaa ile fulana kwa fahari kuliko suti. Mwaka uliofuata tukasikia kwenye redio kwamba shilingi milioni 791 za taasisi hiyo zinadaiwa kuibwa kwa karatasi na vibali vya kompyuta. Shoka utampiga nani? Neno la siri la kompyuta? Binamu alizima redio akasema zake yeye alilipwa, hizo nyingine ni za wakubwa. Lugha nyingine tu ya "si yetu".

Mwaka huohuo wa 2014 nilikuwa nimeshaacha matatu, ninafanya kazi kwenye duka la kuchapisha mjini. Mapema Novemba video ya mwanamke akivuliwa nguo steji ilisambaa kwenye simu za watu, na Novemba 17 wanawake wakaandamana kuingia katikati ya mji. Asubuhi hiyo baadhi yao walipitia dukani kwetu kuchapisha mabango. Niliwapunguzia bei, kana kwamba deni la 1999 linalipika kwa fotokopi. Kisha nikavua aproni nikawafuata, nikitembea nyuma kabisa, upande wa maduka. Wanaume waliokuwa steji walizomea. Wengine walirusha maneno yaleyale ya siku ile, utadhani yamehifadhiwa mahali. Mbele yangu msichana mmoja alikuwa amevaa sketi fupi sana, na bibi mwenye mtandio kichwani, ambaye nina hakika asingemruhusu mjukuu wake kuivaa, alikuwa amemshika mkono.

Desemba ya mwaka huo sheria ya adhabu ikaongezwa kifungu cha 251A: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka kumi. Kilipenyezwa ndani ya ile sheria ndefu ya usalama ambayo vifungu vyake vinane vilitupwa na mahakama miezi miwili baadaye. Hicho hakikuguswa. Sheria hiyo haikuletwa na afisa wa filamu mwenye bastola. Ililetwa na miguu, na pia na video iliyopigwa na mtu ambaye hakufunga dirisha.

Nilikuja kuitazama Pratighaat kwa rangi zake mwaka 2020, wakati wa kafyu, nyimbo zote zikiwemo. Damu ilikuwa nyekundu mno, kama juisi ya kiwandani. Shoka halikunisisimua. Nilipofika ile sehemu nilijikuta nikiwatazama watu wa pembeni, wale waliosimama tu, nikatafuta nyuso zao moja moja. Mwelekezaji hakuwapa muda mrefu. Mimi niliirudisha nyuma mara tatu.

Tangu hapo filamu ya Kihindi ninayoiweka juu ya nyingine za aina hii ni Damini, ya Rajkumar Santoshi, ya 1993. Meenakshi Seshadri ni mke aliyeolewa katika familia ya kitajiri, anaona shemeji yake na wenzake wakimbaka mfanyakazi wa nyumbani, na familia nzima inamtaka aseme hakuona. Hana bunduki, hana cheo. Silaha yake pekee ni neno "niliona", na filamu inaonyesha bei ya neno hilo: ndoa, nyumba, hata akili timamu, maana wanamtangaza mwendawazimu. Inaharibika kidogo Sunny Deol anapoingia kama wakili na kuibeba filamu mabegani, akta ni akta. Lakini hata yeye ana ile hotuba anayomlalamikia hakimu kwamba kinachogawiwa mahakamani ni tarehe, tarehe juu ya tarehe, na haki haionekani. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la korti zetu akingoja kesi itajwe hahitaji mtu wa mkokoteni kumtafsiria hapo.

Wala si kwamba hofu ni upumbavu. Machi 2021 Jennifer Wambua, afisa wa Tume ya Taifa ya Ardhi na shahidi katika kesi ya shilingi milioni 122, alitoweka akiwa mjini, na mwili wake ukapatikana upande wa Ngong. Mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji yake. Nilipomwambia mpwa wangu afunge mlango, picha ya mama huyo gazetini ilikuwa mbele ya macho yangu. Sikuwa nimesahau. Nilichosahau ni yule mama wa njugu, ambaye hakuwa na mlinzi wala wakili, na aliyejua vizuri kwamba kesho atarudi kuwauzia njugu wanaume walewale.

Sikulala. Saa kumi na moja alfajiri nikampigia.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, anko. Shikamoo."

"Marahaba. Lile jambo la jana..."

"Anko, mimi ninakwenda tu," akanikata. "Nilikuuliza kwa heshima. Saa nne."

Nikapanda matatu kwenda kituo cha polisi. Nilidhani nitamkuta peke yake. Kwenye benchi la kituo, ambacho sitakitaja, walikuwa wanne: mpwa wangu, mama wa nyanya na shavu lake limevimba, mama wa samaki wa kibanda cha tatu, na kijana wa kuchomea vyuma ambaye hakuacha kutikisa goti. Mama wa samaki alikuwa amekuja na kazi yake, anapaa magamba ya tilapia juu ya gazeti mapajani, na harufu ilikuwa imeshaanza kumfanyia kazi afisa wa kaunta. Nafikiri ndiyo iliyotuharakisha.

"Nyinyi nyote ni mashahidi?" afisa akauliza.

"Mimi niliona," mpwa wangu akasema.

"Na mimi," mama wa samaki, bila kuinua kisu.

Kijana akasema aliona wakikimbia, mwanzo hakuuona. Afisa akanigeukia. "Na wewe mzee?"

"Mimi sikuona. Nimekuja kukaa."

Akaniangalia kwa muda, akafungua kitabu. Mama wa nyanya alielezwa habari ya fomu ya P3, ijazwe na daktari. Mtu mmoja pale akadokeza kwamba fomu ina "gharama kidogo". Mpwa wangu akamwambia kwa adabu kubwa kwamba fomu hiyo hailipiwi, na kama inalipiwa apewe risiti. Risiti haikuweko, na gharama nayo ikayeyuka. Kalamu ya afisa iliishiwa wino katikati ya jina la mama wa nyanya. Kijana wa vyuma akatoa ya kwake mfukoni, goti lake likatulia. Namba ya OB, ya kitabu cha matukio, mpwa wangu aliiandika kwenye kiganja, kisha kwenye simu, kisha akampa kila mmoja wetu aandike kwake, nami nikaandika.

Vijana wawili kati ya watatu walikamatwa, wakatoka kwa dhamana, na sasa hupita mbele ya saluni polepole. Mheshimiwa hajajulikana ni yupi. Safu ile haijatoa hamsini tangu mwezi wa tatu, ingawa mwenye kibanda cha mwisho inasemekana hutoa kisirisiri. Kesi imetajwa mara tatu: mara ya kwanza faili haikuonekana, ya pili wakili wao alikuwa mgonjwa, ya tatu hakimu alikuwa kwenye semina. Tarehe ya nne ni Jumanne ijayo. Mama wa samaki hahitajiki siku hiyo, kwa hiyo ndiye atakayekaa saluni. Kusuka hajui, lakini kuna mteja wa saa nne aliyekwishalipa nusu, na amesema atamketisha, atampa chai, na kumwambia angoje.